Neno la Mwalimu na Sindano ya Bibi

Sisi tuliosoma enzi za kalamu za kuchovya tulibeba neno la Kiingereza kichwani kama yai, tukiogopa lisije likadondoka kabla hatujafika nyumbani. Siku moja, shuleni kwetu Bagamoyo, Mwalimu Shabani aliandika ubaoni "dwindle". Akatueleza kuwa ni kupungua kidogo kidogo hadi kukaribia kwisha, kama mafuta katika taa. Kitu kinachokwisha mara moja, alisema, hakistahili neno hilo. Kisha akataka kila mmoja atunge sentensi.

Wenzangu waliandika juu ya mafuta ya taa, yaleyale ya mwalimu. Mimi, niliyewaza kila jambo mara saba, niliandika kwamba nuru ya macho ya bibi yangu inapungua. Nikapata alama zote. Nilipotoka nje ndipo nilipokumbuka kuwa ile ilikuwa siri. Bibi alishona kofia za viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, nami ndiye niliyemtungia uzi kila asubuhi kwa kificho, na mara nyingine nikamshonea kiua kimoja viwili, maana baba alikwisha kuapa kumnyang'anya sindano siku macho yatakapogoma. Na Mwalimu Shabani alikuwa amemwagiza kofia ya Idi.

Alasiri akaja.

"Hodi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Baba naye alikuwapo barazani. Mwalimu akaipokea kofia, akaigeuza juani, kiua baada ya kiua. Kidole chake kikasimama.

"Bibi, hapa pamepinda."

Bibi akapapasa kwa kidole gumba, akacheka. "Hapo kashona mjukuu wangu, mwenye macho mazima. Pangu hapapindi. Mimi nashona kwa vidole, macho nimeyapumzisha tangu mwaka juzi."

Baba akaichukua kofia, akaitazama. Kisha akasema, "Basi, mama, na mimi nishonee moja."

Siku hizi vijana wanavaa kofia za mashine, zimenyooka kama rula, na ukiwauliza kashona nani wanakutajia duka. Nimerudi na shahada, Kiingereza kimejaa, na neno lile nimepata pa kuliweka: washonaji wa mtaani kwetu, wanaopungua Idi hata Idi. Lakini kofia ya baba ninayo. Hufumba macho nikaipapasa kwa kidole gumba, kiua baada ya kiua, na hadi leo sijapata palipopinda.