Kwaya, Swala na Daftari Langu

Nakiri mapema: njia ile niliifunga mimi, kwa kalamu.

Miaka ile ya baada ya 2010 nilikuwa mlinzi wa lango kwenye ardhi ya arbab wangu, yaani bosi, jangwani nje ya Dubai. Ndani alifuga swala, na Ijumaa asubuhi alikuja na wageni wake kuwawinda. Lakini palikuwa na njia ya zamani iliyokatiza humo hadi kwenye miti michache yenye kivuli, na kila Ijumaa kwaya ya Wakenya wenzangu kutoka kambi za wafanyakazi za Al Quoz iliifuata ikaimbe huko. Kambini walilala wanane chumba kimoja. Ukiimba, aliyetoka zamu ya usiku anakurushia kiatu.

Hakuna aliyeniagiza kuwaandika. Kazi nilijifunza peke yangu, kwa kusoma madaftari ya walinzi walionitangulia, na kila siku niliogopa kukosea. Basi niliandika yote: saa waliyoingia, idadi yao, upepo ulikotoka, swala walikokimbilia waliposikia sauti. Ukurasa wenye kosa niliuchana nikauandika upya.

Ijumaa moja arbab alirudi mikono mitupu. Akaomba daftari, akalisoma garini.

"Kazi safi," akasema. "Khalas, imetosha, hao wasiingie tena."

"Sir, wanaimba tu."

"Si wewe uliyeandika?"

Wiki iliyofuata walishushwa na basi kama kawaida. Kiongozi wao, dada mmoja mfanya usafi, alishika nondo za lango.

"Kijana wetu, leo umetufungia?"

"Ni amri, dada. Arbab anasema mnawafukuza swala."

"Na hao swala wako, wao wanaonyesha kitambulisho?"

Wenzake wakacheka. Akaniangalia. "Nani alimwambia tunawafukuza?"

"Sijui," nikasema.

Basi lisingerudi hadi alasiri. Wakakaa juani kando ya uzio, vitambaa vichwani, miti yao wakiiona. Niliwapelekea maji. Dada akanishukuru, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikarudi kibandani, nikafungua daftari. Saa tatu na nusu, watu kumi na mmoja, wamezuiwa. Herufi zikapinda. Nikauchana ukurasa, nikaandika upya kwa mwandiko mzuri. Kisha, kwa mazoea, nikaandika na upepo.