Bura Alivyomwita Maximilian Siku ya Mnada

Bura tulimzika mwaka jana. Udongo niliurusha mwenyewe, kwa mikono hii hii inayoandika.

Sasa niambie kwa nini siku ya mnada wa Katesh, jua likiwa utosini, nilimsikia akimwita mtu kwa jina.

Usicheke. Kaa hapo.

Naitwa Patriki, nina kasteshenari kadogo hapa Jorodom, Katesh, natoa kopi na kutengeneza kompyuta. Maisha yameshanichapa vya kutosha: kitunguu saumu kilinifilisi kule Mbulu, bodaboda ikanivunja mguu, nikaangukia kompyuta. Natania sana, ndiyo dawa yangu. Ila siku ile utani ulinikauka mdomoni.

Asubuhi laptop iliniuliza: toleo jipya la mfumo liko tayari, tuanze sasa au baadaye?

Wiki nzima nilikuwa nabonyeza "baadaye". Siku hiyo nikajifanya mtu wa kisasa.

Nikabonyeza "sasa".

Ilizunguka weee, ikazima, ikawaka, ikazunguka tena. Ilipofunguka ilikuwa nzito kama punda aliyegoma. Unabonyeza faili, unaenda kunywa chai, unarudi, bado inafikiria.

Na sauti hakuna. Hata ile ya "tii" ya kuwaka.

Ndipo akaingia Mama Lucia, mjane wa Bura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile video ya baba yenu bado unayo?"

Nikaitupia jicho laptop. Simu ya Bura ilishakufa. Video niliihamishia kwenye laptop mimi mwenyewe, na nakala nyingine haikuwepo popote duniani.

"Ipo mama. Kwani vipi?"

"Maximilian ameleta wale ng'ombe mnadani. Anauza."

Hapa lazima nikueleze. Huku kwetu mtu haweki ng'ombe wote zizi moja. Wengine anamkabidhi rafiki awachunge, anywe maziwa. Ugonjwa ukiingia kwako, hutabaki mikono mitupu. Hakuna karatasi, ni neno la mtu na mtu. Bura aliwaweka wake kwa Maximilian, kule Getanuwas. Bura alipofariki, Maximilian akauliza: ng'ombe gani?

"Siku ya harusi ya Doris wa jirani, baba yenu alikuwa anarekodi huku anaongelea ng'ombe wake," mama akasema. "Nilikuwepo. Wazee wamesema nilete hiyo sauti kabla malori hayajaondoka."

Malori yakishatoka Katesh, hao ng'ombe utawakuta Arusha, kwenye sahani.

Nikafungua video. Ikaja kwa mbinde. Vumbi la harusi, watu wanacheza. Bura mwenyewe haonekani, maana ndiye aliyeshika simu.

Kimya.

Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya.

Nikaingia kwenye mipangilio. Draiva ya sauti, kile kiprogramu kinachoiambia kompyuta spika iko wapi, ilikuwa na alama ya njano. Toleo jipya halikuitambua. Nikaifuta, nikaiweka upya. Jasho linadondokea kibodi.

"Umeipoteza, mwanangu?"

Aliuliza taratibu. Bora angenitukana.

"Bado mama. Subiri kidogo."

Nikabonyeza tena. Picha ikanasa, watu wamegandia hewani mguu mmoja juu.

Hapo ndipo niliposikia.

"Maximilian..."

Haikutoka kwenye laptop. Ilitoka nje.

"Maxi... Maxi... Maximilian. Geuka. Geuka nikuone."

Ilikuwa sauti ya Bura. Ile ile nzito, yenye mkwaruzo wa ugoro. Mama Lucia akashika ukuta.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu," nikamwambia, huku meno yanagongana.

Kwa jirani, kwenye grosari ya Fausta, chupa zikapasuka. Mtu akapiga yowe. Halafu vishindo, watu wanakimbia mpaka viatu wanaviacha.

"Bura karudi! Bura huyo!"

Mtu akajibwaga mlangoni kwangu. Jitu zima, rungu mkononi, shuka limelowa. Kama ni soda au ni mambo mengine, sikuuliza.

Ni Maximilian.

"Mama Lucia, mwambie aniache! Ng'ombe wako pale mnadani, bado sijauza! Wachukue! Chukua na ndama wao!"

"Geuka... geuka nikuone," Bura akasema huko nje.

Maximilian akajifunika shuka kichwani. Mimi, fundi mzima, nilikuwa chini ya meza.

Aliyebaki amesimama ni mama peke yake. Akautazama mlango, akasema kwa upole, kama anamwita mtu aje kula:

"Baba, inatosha. Amesikia."

Laptop ikazima. Paa!

Na sauti ikakatika.

Nakwambia ukweli, hofu niliyoipata kwenye ule ukimya inazidi ile ya sauti yenyewe.

Waliondoka kwenda kwa wazee. Maximilian alitangulia, na njia nzima hakugeuka nyuma hata mara moja. Akakiri mbele ya mnada mzima, bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa bado chini ya meza Fausta alipoingia na mwiko.

"We Patriki, spika yangu umeifanyia nini? Wateja wote wamekimbia!"

"Spika gani, dada?"

"Ile ya kipaimara! Si uliiunganisha mwenyewe kwa bluetooth Jumapili, ukatupigia muziki? Imekaa kimya tangu siku hiyo, leo inaita watu!"

Nikakaa chini upya.

Kumbe toleo jipya lilikuwa limesahau spika ya laptop, na nilipoiweka draiva upya likakumbuka ya Fausta, upande wa pili wa ukuta. Na ule uzito wa mashine ndio uliofanya maneno yanase na kujirudia. Maximilian alikuwa ameiegemea spika, anakula nyama, anamsubiri mteja.

Hayajaisha.

Jioni mama alirudi, ng'ombe wake wako salama kwa shemeji. Draiva nilikuwa nimeshaipata. Tukaisikiliza video mwanzo mpaka mwisho.

Hakuna ng'ombe humo.

Hakuna hata neno moja! Ni Bura anamtania rafiki yake anayeikwepa kamera: "Maximilian, geuka nikuone! Uso wote huo unamfichia nani?" Watu wanacheka, naye Bura anacheka kuliko wote. Video imeisha. Ya ng'ombe aliyaongea baada ya kuzima simu.

Sauti ingetoka vizuri mchana ule, mama angewapelekea wazee kichekesho cha harusini, na malori yangeondoka.

Mama akavuta kiti karibu na laptop. Halafu akasema:

"Irudishe pale anapocheka."

Nikairudisha. Mpaka akatosheka.

Basi nawe, kabla hujabonyeza "sasa", weka nakala pembeni. Na kama unachunga ng'ombe wa mtu, mrudishie angali anakuita kwa mdomo wake mwenyewe.