Mama Yupi Aimbwe

Bendi ilipokuwa ikipiga, Dorca Amolo hakukaa. Kwa miaka kumi na mmoja aliyoitangaza Ngege Stars, kutoka Bondo hadi Pap Onditi, sijui mtu aliyewahi kumwona ameketi dansini. Alizunguka nyuma ya jukwaa, akagusa nyaya, akachungulia jenereta, akatoka nje ya ua wa mabati na kurudi, kama mtu aliyeambiwa asubiri bila kuambiwa anasubiri nini. Mwishoni mwa miaka ya themanini tulikuwa majirani Kaloleni, mjini Kisumu, ukuta mmoja kati yetu, na hata nyumbani nilimsikia akitembea.

Watu walidhani kazi yake ni kipaza sauti. Ni kweli kwamba siku tatu kabla ya dansi alitangulia na pikapu yenye spika mbili juu ya paa, dereva akiwa Ephantus Irungu, mtu wa Murang'a aliyekuja Kisumu kuuza mabeseni akaishia kwenye usukani. Walibandika mabango kwa uji mzito wa muhogo, wakachukua kibali kwa DO, ofisa wa serikali wa eneo, wakapita sokoni wakipiga kelele. Hayo Dorca aliyafanya huku akiwaza mengine. Kilichomhangaisha ni daftari la majina ya watu wa kusifiwa.

Bendi ya benga, muziki wetu wa gitaa, ikija kwenu, mnatarajia kusikia watu wenu wakisifiwa. Na mtu hasifiwi kwa jina lake peke yake. Katika boma lenye wake watatu, wana wote ni wa mzee mmoja, na njia ya kuwatofautisha ni kutaja mahali walikotoka mama zao. Mtu huimbwa kuwa mwana wa nyar Gem, au mwana wa nyar Alego, yaani mama yake ni binti wa huko. Ukikosea rangi ya gari lake, watu watacheka na kuendelea kucheza. Ukikosea mama yake, umemfuta mwanamke mbele ya soko zima. Kwa hiyo kila jina Dorca aliliuliza mara mbili: kwanza kwa mwenyewe, kisha kwa wanawake wanaouza samaki, ambao wanajua nani alizaliwa jikoni mwa nani. Obiero, kiongozi wa bendi, aliimba chochote kilichoandikwa kwenye karatasi ya Dorca. Yeye alikuwa mtu wa Seme. Habari za akina mama wa Nyakach angezijulia wapi?

Agosti ya mwaka 1988 walialikwa Pap Onditi, huko Nyakach, na Bwana Zadock, mwenye kinu cha kusaga mahindi, aliyekuwa akifungua duka la vifaa vya ujenzi. Safari hii kulikuwa na jambo zaidi. Wimbo wa kumsifu Zadock ungeimbwa dansini Jumamosi, halafu Jumatatu ungerekodiwa Kisumu na kutolewa kwa sahani ya santuri.

Mvua ilinyesha na pikapu ikazama kwenye udongo mweusi karibu na Katito.

"Madam, shuka usukume," Irungu alisema.

"Nisukume na hivi viatu?"

"Vua. Huu udongo wenu unapenda sana wageni. Ukikushika, hadi ulale."

"Si ndiyo maana mlitoroka kwenu kwa milima, mkaja kutafuta tambarare?"

"Nilikuja kutafuta mali, Madam. Tope nimepewa nyongeza."

Walipoteza siku mbili nzima. Walipofika Pap Onditi, Ijumaa jioni, wauza samaki walikuwa wamefunika mabeseni yao na kwenda. Zadock alikuwa kinuni, unga umemkaa hadi kwenye nyusi. Dorca alifungua daftari na kumwuliza mama yake ni binti wa wapi.

"Kano," alisema. "Andika nyar Kano."

Dorca akaandika. Alikumbuka kwamba hakuuliza mara ya pili. Alikumbuka jioni hiyohiyo, akajiambia kwamba mtu hawezi kukosea mama yake mwenyewe.

Jumamosi saa tisa alasiri uwanja ulijaa. Mbele kabisa, upande wa akina mama, alikaa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, kwenye kiti cha mbao alichokuja nacho kutoka nyumbani. Dorca alimwona kutoka nyuma ya jukwaa kwa sababu hakuwa akipiga makofi kama wengine. Alikuwa amekunja mikono, anasubiri.

Obiero akafika kwenye sifa. Zadock, mwana wa nyar Kano! Vijana wakapiga mbinja. Mwana wa nyar Kano, anayelisha Nyakach! Lakini safu ya akina mama ilinyamaza, na vichwa vikageukia kiti kimoja. Obiero, ambaye hakujua lolote, akarudia mara ya tatu kwa sauti ya juu zaidi. Yule mwanamke akasimama, akainua kiti chake, akakibeba begani na kupita katikati ya wachezaji hadi langoni.

"Yule ni nani?" Dorca alimwuliza muuza soda aliyekuwa karibu.

"We! Hujui? Si ndiye Mama Perez, mama yake Zadock. Nyar Yimbo, kule Usenge. Nyinyi ndio mmeandika Kano?"

Dorca alimfuata karibu mbio. Alimkuta barabarani, kiti bado begani.

"Mama, simama. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika."

Perez alimtazama kuanzia viatuni. "Usinidanganye, nyathina, mwanangu. Mtoto wangu unaanza kumfichia makosa wewe? Amekuambia mwenyewe."

Dorca alinyoosha mikono ampokee kiti, Perez hakukitoa.

"Nyar Kano alikuwa mke mwenzangu, mkubwa," Perez alisema. "Mimi niligombana na mzee, nikarudi kwetu Usenge. Miaka sita nikianika dagaa, omena za watu. Mtoto alibaki. Yule mama akamlea. Lakini aliyemzaa ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi mwambie mwimbaji wako. Na hiyo sahani mtakayotengeneza, sahani haina siku ya kufa. Watoto wa watoto wake watasikia nini? Kwamba mimi sikuwapo?"

"Jumatatu itakuwa nyar Yimbo," Dorca alisema. "Nakuahidi."

Aliniambia baadaye kwamba maneno hayo yalimtoka kabla hajajua kama ana haki ya kuyasema. Perez alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akahamishia kiti bega la pili na kwenda zake.

Bendi ilipopumzika, Zadock alikuja nyuma ya jukwaa, shati jipya limelowa mgongoni.

"Mama ameenda wapi?"

"Ameenda nyumbani. Na kiti chake."

"Nimeona kiti."

"Nimemwahidi kwamba kwenye sahani tutaimba nyar Yimbo."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

Zadock alishika kamba ya turubai, akaivuta kana kwamba anataka kujua kama imefungwa vizuri. "Yule wa Kano alinipa uji sina hata meno yote. Nikiumwa, alinibeba mgongoni kwenda zahanati na kurudi. Tumemzika mwaka jana. Unataka niende kumzika tena, na safari hii kwa gitaa?"

"Na huyu aliye hai?"

"Huyu aliye hai ni mama yangu. Ninamheshimu. Ninamjengea nyumba." Aliachia kamba. "Ukiweka Yimbo, mimi wimbo huo siutaki. Uitafutie bendi yako Zadock mwingine."

Obiero alikuwa ameketi juu ya spika akinywa maji, amesikia yote. "Amueni nyinyi," alisema. "Mimi nina koo moja. Jumatatu saa nne tunaingia kurekodi, Dorca. Niletee karatasi yenye jina moja."

Walirudi Kisumu. Jumapili Dorca alienda kanisani akatoka kabla ya mahubiri. Alitembea hadi Dunga, kando ya ziwa, akawatazama watu wakiosha mashua, akarudi kwa miguu juani. Alianza kupika, akazima jiko. Alasiri alibisha mlangoni kwangu, akasimama kizingitini, hakutaka kuingia. Mikononi alikuwa na karatasi mbili. Moja ilisema Kano, nyingine Yimbo.

"Ungekuwa wewe?" aliniuliza.

Nilisema ningemwimba aliye hai, kwa sababu ndiye anayeumia.

"Aliye hai anaweza kuja kunigombeza," alisema. "Aliyekufa nitamsikia wapi akilalamika?" Akaondoka, karatasi moja kila mfuko wa sketi. Usiku kucha ukuta wetu ulinipa hatua zake, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Nilijaribu kusoma, nikashindwa. Nilikuwa na mama pia, kama kila mtu, na kuna mambo nilikuwa sijamwambia.

Chumba cha kurekodia kilikuwa juu ya duka la baiskeli, karibu na stendi ya mabasi. Saa nne kasorobo Jumatatu, Dorca alikuwa amepanda na kushuka ngazi mara nyingi hivi kwamba fundi baiskeli alimwuliza kama amepoteza kitu. Aliposhuka tena alimkuta Perez chini ya ngazi, amevaa gauni la kanisani, vumbi la safari miguuni. Alikuwa ameondoka Pap Onditi alfajiri.

Dorca alidhani amekuja kuilinda ahadi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya Yimbo.

"Mama, nilikuwa naenda kumpa mwimbaji hii. Nimeshaamua," alisema, ingawa hakuwa ameamua.

Perez hakujua kusoma. Aliitazama tu karatasi. "Umeandika nini?"

"Nyar Yimbo."

"Ondoa."

"Mama?"

"Jana mtoto alikuja kwangu. Hakusema kitu. Alisimama mlangoni, si ndani si nje." Perez alishika ukingo wa ngazi akaketi kwenye daraja la pili. "Hivyo ndivyo alivyosimama siku niliyorudi kutoka Usenge. Alikuwa na miaka saba. Hakunijua. Alikimbilia nyuma ya yule mama, akajificha kwenye nguo yake. Na yule mama, unajua alifanya nini? Alimtoa kule nyuma, akamsukuma mbele. Akamwambia, 'Huyo ndiye mama yako, nenda umsalimie.' Mimi nilikuwa hata sijafungua mdomo."

Juu, mpiga ngoma alikuwa akijaribu ngoma zake, mpigo mmoja mmoja.

"Angeweza kunyamaza," Perez alisema. "Angenyamaza, yule angebaki mtoto wake mpaka leo. Nami tangu siku hiyo hadi tulipomzika sikumwambia asante. Nilimwonea wivu. Tulikopeshana chumvi, na asante sikuwahi kusema."

Dorca alitoa karatasi ya pili. "Hii inasema nyar Kano."

"Kano ni kubwa. Mabinti wa Kano ni wangapi Nyakach yote? Atajulikanaje?" Perez akanyoosha kidole kwenye karatasi, mahali ambapo hakukuwa na maandishi. "Aliitwa Abisage. Abisage, nyar Kano. Andika jina lake lote. Mwimbaji alitaje mara mbili."

"Na wewe?"

"Mimi nina mdomo. Nitajitaja mwenyewe."

Dorca aliandika akiwa amesimama, karatasi imebanwa ukutani. Kisha akamwuliza mara ya pili, neno kwa neno, kama alivyokuwa akifanya kila mara, na Perez akajibu vilevile. Wakapanda pamoja. Obiero alisoma, akamtazama yule mama, akavua kofia yake na kusema tu, "Sawa, Mama."

Hawakumruhusu Perez kuingia kwenye chumba chenye vinasa sauti. Alisimama nje ya mlango, kiganja kimewekwa kwenye mbao. Gitaa lilianza, sauti ikaja nyembamba kupitia mlango. Jina la Abisage lilipotajwa mara ya kwanza aliinamisha kichwa. Mara ya pili alisema kitu kwa sauti ya chini, na Dorca aliniambia kwamba alisogea mbali makusudi asikisikie.

Muziki ukanyamaza.

"Basi, imeisha?" Perez aliuliza.

"Imeisha, Mama."

"Haraka hivyo?" Alitazama mlango kidogo, kisha akapangusa vumbi kwenye gauni na kumwuliza Dorca mabasi ya Pap Onditi yanasimama upande gani.