Jogoo wa Kwenda Mnadani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona haya, na kabla haya haijaisha hasira huwa imeshafika. Nilikuwa mke mpya, sijamaliza hata mwaka nyumbani kwa mume wangu, huku kwetu upande wa Misigiri. Siku hiyo nilirudi kutoka mnadani nikitembea kwa maringo, shingo juu, kwa sababu nilikuwa nimemuuza jogoo wa mama mkwe. Nilimuuza mapema asubuhi, kwa bei nzuri, na hakuna mtu aliyenituma.

Nitakueleza taratibu, maana nataka unielewe. Nimepita miaka sabini, magoti yangu hupiga kelele nikiinuka, lakini kichwa changu ni kizima. Ulimi wangu nao utausikia mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa mjane. Kila siku ya mnada alioga, akajipaka mafuta mpaka miguuni, akavaa kanga yake ya maua mekundu ambayo hata kanisani hakuivaa. Kisha alimfunga jogoo wake miguu, akamweka kwapani na kuondoka kwa miguu, mwendo wa zaidi ya saa nzima. Jioni alirudi na jogoo bado yuko kwapani. Mnada uliofuata, vivyo hivyo. Alikuwa jogoo mkubwa, mwekundu, mwenye mkia mweusi, na nadhani aliujua mnada ule kuliko mimi.

Mimi na akili zangu za ujana nikajiambia kwamba mama amezeeka, hajui tena kupatana bei, na wanunuzi wanamcheka. Nikamwonea huruma. Tena nikwambie bila kuficha, nilitaka kusifiwa. Kwetu mke mpya alipimwa kwa namna anavyompumzisha mama mkwe wake. Nilikuwa nimeshamnyang'anya mtungi wa maji, nikamnyang'anya jiwe la kusagia, nikamnyang'anya na jembe, na kwa kila nilichomnyang'anya majirani walisema yule mama kapata mkwe kweli. Mama mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Basi siku ya mnada ikamkuta ana mwiba mguuni na mguu umevimba, hawezi kwenda. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha wema wangu. Nilimbeba yule jogoo bila kumwambia mtu, na mwanamume wa kwanza aliyetaja bei nikampa. Nikanunua chumvi, sabuni na ugoro wake mama, nikarudi mbio. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua karanga. Nikamwekea vitu vyote mapajani. Akavitazama, kisha akanitazama mimi, akatazama na kwapa langu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Nikamweleza kwa furaha, bei na kila kitu. Aliinuka, akachechemea mpaka ndani, akafunga mlango. Unajua nilidhani nini? Nilidhani furaha imemzidi. Ujana una ujinga wake, na wangu ulikuwa umejaa pomoni.

Mguu ulipona, lakini siku ya mnada ilipofika hakwenda. Nikamwambia, pumzika mama, nitakuendea mimi. Na huko mnadani nikaitwa na bibi mmoja muuza vyungu, Bibi Mwajuma, mzee wa makamo ya mama mkwe, mwenye mwanya na kicheko cha kusikika mbali. Akaniuliza mwenzake yuko wapi. Nikamjibu anapumzika, kazi zote sasa nafanya mimi. Akasema nimwambie kwamba anamsubiri. Salamu hizo sikuzifikisha, mwanangu. Nilisahau. Mnada wa pili akanituma tena, nikasahau tena. Nilikuwa na mambo mengi kichwani ambayo niliyaona ya maana, na leo siwezi kukutajia hata moja.

Utauliza kwa nini asiende mikono mitupu. Siku zile mjane wa umri wake akifika mnadani bila kitu mkononi aliulizwa amefuata nini. Akisema amefuata kukaa na rafiki yake wacheke, angesemwa kijiji kizima. Jogoo ndiye aliyempa ruhusa. Aliketi naye karibu na vyungu vya Bibi Mwajuma, na mnunuzi akija alimtajia bei ambayo hakuna mwenye akili timamu angeilipa. Mnunuzi akaondoka akinuna, nao wawili wakarudi kwenye soga zao. Walikuwa wasichana pamoja, walichota maji kisima kimoja kabla hawajaolewa huku na kule. Siku ya mnada ndiyo siku pekee waliyoonana. Mimi nikaiuza siku hiyo, nikaleta chumvi.

Hayo yote sikuyajua. Niliona tu kwamba ameanza kufuga kijogoo kidogo, anakilisha uwele kwa mkono wake, anakichunguza upanga wa kichwani kila asubuhi kama umeota. Jogoo hakui kwa wiki moja. Alikuzwa masika yote mpaka mavuno, na siku alipofaa kubebwa, mama akaoga, akatoa ile kanga ya maua mekundu. Mimi nikamfuata nyuma kwa kuuogopea mguu wake. Alikuwa anatembea upesi hata nikashindwa kwenda naye sambamba.

Mahali pa vyungu palikuwa patupu. Fundi wa viatu vya matairi aliyekaa jirani akatuambia, kwa upole, kwamba Bibi Mwajuma alizikwa kabla watu hawajaanza kuvuna. Mama hakulia. Alikwenda akaketi palepale chini vilipokuwa vinakaa vyungu, jogoo mapajani, akakaa mpaka watu wakaanza kukunja turubai zao. Watu walikuja kuuliza bei na hakuwajibu. Nami nilikuwa nimesimama pembeni, nikazikumbuka zile salamu. Nikamwambia. Afadhali ningechapwa.

Akaniambia maneno haya, na sauti yake haikupanda. "Mwanangu, mimi ningeweza kumuuza yule jogoo siku yoyote. Mikono ninayo na mdomo ninao. Uliniona mzee, ukadhani sina ninachokitaka tena. Siku nyingine ukitaka kunisaidia, niulize."

Basi. Hakuyarudia tena mpaka alipokufa. Aliendelea kwenda mnadani miaka mingine mingi, akapata na watu wengine wa kucheka nao, lakini alikaa palepale siku zote.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Nina watoto wawili wa kuwazaa. Elia yuko Dodoma, ana kazi ya ofisini. Ruthi ameolewa Singida mjini. Ni watoto wazuri, sikatai, na wote wawili wananipenda. Kila akija mmoja ananiletea blanketi. Ninayo saba. Upepo wa huku kwetu unauma, najua, lakini mtu mmoja ana miguu miwili tu. Mwaka huu Elia akaongeza na fimbo ya kutembelea, yenye mpira chini, na mimi sijawahi kumwambia kwamba nimeanguka. Wakiongea na mimi wanavuta maneno kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Wananiuliza kama nimekula, kama nimelala, kama nimekunywa dawa. Kama nimecheka, hilo hawajawahi kuniuliza.

Nami nilikuwa na jogoo wangu. Ndiyo, unacheka, lakini hayo ndiyo niliyorithi kwa mama mkwe. Mnadani ninaye rafiki yangu Zena, muuza vitunguu, mtu wa swala tano na maneno makali. Yupo pia mzee mmoja muuza kamba, mjane kama mimi, ambaye ana uongo mtamu sana kuhusu fisi na kila mnada hutununulia soda. Tunakaa, tunasema watu, tunacheka mpaka Zena anashika mbavu. Nikirudi nyumbani magoti yanauma na sijali. Sasa kumbe habari za ile soda zilifika Dodoma kabla chupa haijaisha. Watu waliwaambia, mama yenu anakaa na mwanamume mnadani. Mama yenu anabeba kuku kama mtu asiye na watoto.

Wakaja Jumapili, bila kuniambia. Nilikuwa ibadani. Narudi, nanusa mchuzi tangu kwenye ua, naona gari la Elia, na pale kwenye kichanja cha vyombo manyoya mekundu. Nilijua hapohapo. Ruthi akanipokea kwa magoti, shikamoo mama, akaninawisha mikono, akaniwekea sahani mbele yangu yenye firigisi na paja, heshima zote. "Mama, tumekuchinjia," akasema. Walikuwa wamenichinjia jogoo wangu.

Kisha Elia akasimama na hotuba yake. Mama umefanya kazi sana, sasa ni zamu yetu. Mnadani basi, watu wanatuuliza kama tumeshindwa kukulisha. Tutakuletea msichana wa kupika, tutakuletea na runinga. "Utakaa, mama, utatulia, utasubiri..." Hapo akakwama.

Nikamuuliza, "Nisubiri nini, Elia?"

Alitazama sahani yake, Ruthi akatazama dirishani, na mchuzi ukapoa. Nami sikumwokoa. Nilikasirika, mwanangu, na nikiongea nawe hapa bado nimekasirika. Wanangu walikuwa wameshakaa kikao, wakapitisha kwamba maisha yangu yamekwisha ila pumzi, kisha wakanipa firigisi ili nishukuru.

Lakini niwe mkweli, hasira nyingine ni ya sisi wazee wenyewe. Wangapi nawajua waliokubali? Mtu anastaafu leo, kesho ameshakaa ukutani, hazungumzi ila mgongo na presha, akialikwa harusini anasema mimi nimeshakuwa mtu wa ndani. Kanga nzuri ziko sandukuni zinangoja kumfunika siku ya maziko. Anapenda kuonewa huruma, na mwishoni hana kingine anachopewa. Nikimsikia mzee wa namna hiyo anawaambia vijana kwamba furaha ni yao, yeye siku zake zimepita, natamani kumwondolea hicho kigoda.

Turudi kwenye ule mnada uliofuata. Jogoo sina. Kijogoo ningepata, lakini nilikumbuka mama mkwe alivyolisha uwele masika yote huku rafiki yake akiondoka, nikasema mimi sitangoja upanga uote. Nikaoga. Nikavaa. Nikafungua sanduku, nikachukua blanketi moja, lile la Elia lenye picha ya simba, nikaliweka kwapani. Ile fimbo pia nikaichukua, kwa ajili ya mbwa.

Zena aliponiona alicheka mpaka vitunguu vikamporomoka. Wakaja wanunuzi, blanketi ni jipya, zuri, zito. Nikawatajia bei. Mmoja akaniuliza kama nimeugua.

Simu ya Dodoma haikuchelewa. Elia akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia, "Mama, unauza blanketi nililokununulia?"

"Siuzi," nikamwambia. "Hakuna anayefika bei."

Hadithi ya bibi yake na yule jogoo nilimsimulia akiwa mtoto, sijui kama ilimrudia. Kisha akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza tangu azaliwe, kwamba huko mnadani huwa tunaongea nini. Nikamwambia aje asikie. Amesema atakuja, nami nimeshamwambia muuza kamba atayarishe fisi wake.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiwa na mzee nyumbani, kabla hujamwondolea kitu mkononi, muulize kile kitu kinampeleka wapi. Ukitumwa salamu na mtu mzima, zifikishe siku hiyohiyo. Usimpumzishe mtu ambaye hajasema amechoka, hata kama majirani watakusifu, maana sifa hizo atakayezilipia ni yeye. Nawe siku yako itakapofika, na inakuja, usikae ukutani kungoja kuhurumiwa. Oga, vaa ile kanga, toka. Akikuuliza mtu umefuata nini, mwambie umefuata kucheka, na usishushe sauti.

Mungu akujalie uzee mrefu wenye magoti ya kukufikisha. Akupe rafiki anayekuwekea nafasi, na watoto wenye masikio. Na jogoo wako, mwanangu, asipate mnunuzi kamwe.