Spoku Zote Sauti Moja

Mtaa mzima ulimwita Bi Spoku, na hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulisahau jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa moja tu: kufunga na kunyoosha magurudumu ya spoku. Injini hakugusa. Ukimpelekea kabureta alikutazama kana kwamba umemletea mbuzi amsuke nywele. "Hayo peleka kwa mafundi," alisema. "Mimi ni wa magurudumu."

Kazi aliirithi kwa baba yake, na baba yake hakuyaamini macho. Macho, alisema mzee, yatakuambia gurudumu limenyooka, lakini sikio ndilo litakalokuambia limekazwa. Basi alichukua kinyundo kidogo cha shaba, akagonga spoku moja baada ya nyingine huku ameinamisha kichwa. Iliyokazwa hulia nyembamba, iliyolegea hulia nzito. Zote zikitoa sauti moja, gurudumu limeiva, mwite mwenyewe aje achukue. Binti zake wawili aliwakalisha pande mbili za gurudumu, akawa anagonga, na aliyeitambua kwanza spoku iliyolegea ndiye aliyepewa kipande kikubwa cha mkate. Mafundi wengine walinunua kipimo chenye mshale, ambacho unakibana kwenye spoku kikakusomea namba. Mzee alikicheka mpaka machozi. "Hicho ni kifaa cha viziwi," alisema.

Sasa Bi Spoku alikuwa na miaka hamsini na miwili, na sikio lake la kulia lilikuwa limeanza kumfanyia vituko. La kushoto nalo lilikuwa njiani kumfuata mwenzake. Wateja wakisema jambo alijibu, "Sema tena, kompresa inapiga kelele." Siku moja mteja akamwambia, "Fundi, kompresa umeizima." Wakacheka wote wawili, yeye akicheka zaidi. Hospitali hakwenda, maana ukienda utaambiwa.

Kilichomfariji ni kazi. Zamani alihangaika nusu siku na gurudumu moja, akigonga, akikaza, akilegeza, akigonga tena. Mwaka huu aligonga mzunguko mmoja tu na spoku zote zikalia sawa. Alijisifu moyoni kwamba hata kama masikio yamezeeka, mkono umekomaa.

Ndipo alipokuja shemeji yake.

Huyu shemeji, mume wa mdogo wake, alikuwa mwalimu wa jiografia, na watu walimwita Kilomita kwa sababu ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa umbali. Alikuwa amejinunulia pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye masanduku matatu na kiti cha nyuma kipana kama kochi. Likizo hii alitaka kumchukua mkewe waende kumwona mtoto wao wa kwanza, kilomita elfu moja na mia nane, lami siku tatu na changarawe siku moja na nusu. Rimu zilizokuja na pikipiki zilikuwa zimepinda na kuliwa na kutu. Ilibidi achague nyingine.

"Shemeji, jambo hili limenikosesha usingizi," alisema, akajikalia kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Niweke rimu za spoti, zile za kipande kimoja? Zile hazitaki tyubu. Ukipata pancha unachomeka kipande cha mpira kwa nje, unajaza upepo, unaondoka zako. Au nibaki na spoku?"

"Za spoti ni nzuri."

"Nzuri, sikatai. Lakini ikiingia shimoni na mzigo ule, inapasuka. Na ikikupasukia porini utaifanyaje, utaipigia magoti? Spoku inapinda, unaigonga, unafika. Ubaya wake ni mmoja tu, inataka fundi wa kuaminika." Akacheka, akampiga begani. "Na fundi tunaye ndani ya familia. Mdogo wako kasema hapandi gurudumu lililofungwa na mtu mwingine."

Maneno kama hayo humfurahisha fundi yeyote. Bi Spoku hayakumfurahisha. Aliijua sababu na hakutaka kuijua, akasema haya, zilete.

Matairi walikwenda kununua pamoja. Kilomita alitaka yenye kashata za wastani, yale meno ya mpira, yasiyoteleza kwenye changarawe wala kuunguruma kwenye lami. Muuzaji akamteremshia moja kutoka juu kabisa, akalipangusa kwa kiganja. "Jipya hili, mwalimu. Hata vumbi la barabara halijaonja." Bi Spoku akachuchumaa, akalizungusha mpaka akazipata zile tarakimu nne ubavuni ambazo wanunuzi wengi hawazitazami: wiki liliyotengenezwa, na mwaka. Akamwangalia muuzaji. "Jipya lako lina umri wa mtoto wa shule."

"Lakini halijatumika, mama."

"Halijatumika, ila limezeeka. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Lete la mwaka huu, na uniangalizie namba ya uzito, watu hawa wanakwenda wawili na masanduku."

Muuzaji akaleta jingine bila kunung'unika. Kilomita aliondoka amefurahi, akiwaambia watu njiani kwamba shemeji yake haibiwi. Bi Spoku naye alitembea kifua mbele, kwa sababu macho yake yalikuwa bado mazima na mtu ameyaona yakifanya kazi.

Alianza na gurudumu la nyuma, ndilo linalobeba mzigo. Spoku thelathini na sita, nene, mpya. Akazipanga, akazivisha nati, akalipandisha gurudumu kwenye stendi na kulizungusha mbele ya kielekezo mpaka halikuyumba hata unene wa ukucha. Kisha akachukua kinyundo cha baba. Akagonga, akazunguka, akarudi alipoanzia. Zote sauti moja. Usiku akalala, moyo wake ukiwa mahali pake.

Kesho yake mchana mdogo wake akapita kumwonyesha kofia mpya ya safari. Aliivaa, akaivua, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu, kisha akaliona gurudumu. "Ndilo letu hili?" Akachukua kinyundo bila kuomba ruhusa, kama alivyofanya alipokuwa na miaka sita, akaanza kugonga huku akitabasamu. Alipofika katikati tabasamu likapungua. Akarudi nyuma spoku tatu.

"Dada, hii umeiacha hivi kwa makusudi?"

"Ipi?"

"Hii. Na hii. Hii nyingine ndiyo kabisa, inalia kama sufuria. Usiniambie huisikii."

Bi Spoku akakipokea kinyundo, akagonga zile tatu. Zililia kama zile nyingine. Akagonga zilizo jirani. Sawa. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Hizo bado sijazimaliza. Nilitaka nione kama bado una sikio."

"Baba angenipa mkate wote," mdogo wake akasema, akaivaa kofia yake akaondoka akicheka.

Alipotokomea, Bi Spoku akavuta mlango wa bati. Akachagua spoku moja aliyokuwa na hakika nayo, akailegeza mzunguko mzima, akagonga. Ile ile. Akailegeza miwili zaidi, mpaka ikatikisika kati ya vidole vyake. Akagonga, akisogeza sikio la kushoto karibu kabisa na chuma. Ile ile. Wala mkono haukuwa umekomaa. Spoku zote zilikuwa zikilia sawa mwaka mzima kwa sababu sikio lake lilikuwa limebaki na sauti moja.

Akakaa chini. Hofu aliyoipata hapo hakuwahi kuipata maishani, hata siku ya kumzika baba yake. Alilijua gurudumu lililonyooka kwa macho na kulegea kwa ndani linavyokufa. Halitoi dalili kwenye lami. Linangoja mzigo na kona. Spoku moja inakatika, inamwachia jirani kazi yake, jirani naye anakatika, na kabla mwendeshaji hajajua ni nini kinachogonga kule nyuma, rimu imekunjika. Na nyuma yuko mtoto wa mama yake, amemshika mumewe kiunoni.

Alijaribu kujitafutia mlango wa kutokea. Angeweza kuzibana spoku mbilimbili kwa vidole, lakini kidole hukuambia imelegea, hakikuambii ni kwa kiasi gani. Angeweza kumwita mdogo wake amgongee, halafu amwambie nini? Angeweza kununua kipimo, na mtaa mzima ungejua siku hiyo hiyo kwamba Bi Spoku ananunua kifaa cha viziwi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo ameisikia tangu utotoni, na siku zote alidhani kilio ni cha mgonjwa mwenyewe. Hakuwahi kufikiria kwamba kinaweza kuwa cha nyumba nyingine.

Hapo ndipo macho yake yalipoliangukia daftari. Baba yake alimzoeza kuandika kila gurudumu linalotoka, la nani na simu yake, kwa sababu gurudumu lina mwenyewe. Akalifungua mwanzo wa mwaka, akahesabu kwa kidole. Kumi na manne. Akalifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Asubuhi wakaja wote wawili, Kilomita akiwa na tairi jipya begani na mkewe ameshika kofia. "Shemeji, hali ya hewa safi siku zote tano za safari!" Akalikamata gurudumu alibebe. Bi Spoku alikuwa amelikamata upande wa pili, na hakuachia.

"Shemeji, kanunue rimu za spoti."

"Acha utani."

"Sitanii."

"Wewe? Umekosana na spoku lini?"

"Sisikii."

Kilomita akapaza sauti. "Nimesema, umekosana na spoku—"

"Wewe nimekusikia. Spoku ndizo sizisikii." Aliona haya, akaendelea. "Hili gurudumu limenyooka lakini halijakazwa sawa. Nikilikaza tena litakuwa hivyo hivyo. Msipande."

Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo ule, hakuwa na umbali wa kutaja. Alilitua gurudumu taratibu. Mdogo wa Bi Spoku ndiye aliyesema, na hakusema kwa upole.

"Jana nilikuuliza."

"Jana nilikudanganya."

"Ningepanda, dada. Ungenyamaza ningepanda, tena nacheka."

Bi Spoku alitamani mdogo wake amtukane, ingekuwa nafuu. Badala yake alimwambia Kilomita, kwa sababu kazi ni kazi na alikuwa bado anaijua, "Za spoti usizipunguzie sana upepo ukifika kwenye changarawe. Ndipo zinapopasuka. Na tairi hilo lifungwe kwa kufuata mshale."

Kilomita akaitikia kwa kichwa, akatoka na tairi lake. Mkewe akabaki mlangoni. Alilitazama gurudumu kwenye sakafu, akatazama daftari mezani, akaelewa, maana naye alilelewa humo.

"Wengine ni wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Basi unangoja nini?"

Akaondoka. Bi Spoku akalifungua daftari penye mwanzo wa mwaka. Jina la kwanza lilikuwa la muuza maziwa, yule anayefunga madumu mawili nyuma na kumpandisha binti yake mbele kila asubuhi ampeleke shule, akishuka ule mteremko wa sokoni. Akabonyeza namba, akaiweka simu sikioni. Kimya. Akangoja. Kimya tu. Muuza maziwa huyu alikuwa mtu wa kupokea simu upesi, hata akiwa barabarani. Aliangalia saa ukutani, ilikuwa ndiyo saa ya shule. Akilini alimwona binti na begi lake, akaona maziwa yametapakaa kwenye lami.

Kisha akatambua kwamba simu ameiweka sikio la kulia. Akaihamishia kushoto kwa mikono miwili.

"Halo? Halo! Fundi, unanisikia?"

"Kwa shida," alisema Bi Spoku. "Ndiyo maana nimekupigia."