Mawe Niliyoyasugua Lavington

Kuna siku moja ninaikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka bado naona aibu. Kaa hapo. Nimechoka, na huu mpango wako wa ploti umeninyima usingizi. Ati Jumamosi unawatoa wapangaji wote wa ploti yetu kule mtaani Kabiro, ubomoe, ulete watu wapya. Sikiza kwanza.

Uhuru ukiwa bado mpya, niliandikwa kazi ya nyumba kule Lavington, mtaa wa wakubwa Nairobi. Tajiri wangu alikuwa na tangi la kioo sebuleni, maji ya chumvi, na samaki wa rangi walioletwa kutoka Mombasa pamoja na mawe ya baharini. Mashine ya kuchuja maji hakuwa nayo, mrija wa hewa tu. Na hayo mawe, wee! Utando wa kijani, vidudu vikitambaa. Mimi nilikuwa mtu wa kusugua. Sufuria yangu ungejitazama ndani ukachana nywele. Tajiri aliposafiri, nikasema akirudi atashangaa. Nikayatoa mawe, nikayasugua kwa waya na sabuni, nikayamwagia maji ya moto, hata mchanga wa chini ya tangi nikauosha. Yakawa meupe pe. Nikajisifu mwenyewe.

Siku chache baadaye samaki walikuwa juu wakihema. Maji maangavu kabisa, na wao wanakufa! Nikamwita Mzee Shisia, mpishi wetu, mtu wa Maragoli. Akayatazama mawe, akaketi chini.

“Kijana, nani alikutuma?”

“Nilisafisha tu, mzee.”

“Hukusafisha. Samaki wanaenda choo humo humo wanamokula. Kwenye yale mawe na mchanga kulikuwa na vidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vilivyokula sumu ya huo uchafu. Umewaua wafagiaji wote kwa siku moja.”

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Samaki walikwisha wote. Tajiri hakunifuta kazi, alileta mawe mengine, tukakaa majuma mengi tukitazama maji matupu, mpaka vile vidudu vikaota tena kwenye mawe. Kungoja kule kulinichosha kuliko kazi yoyote.

Sasa wewe, ukienda Kabiro, unaona kelele na masufuria mlangoni. Mimi namwona Mama Atieno, ambaye watoto wa ploti nzima hushinda kwake mama zao wakienda kuuza Soko la Toi. Namwona yule fundi viatu anayezibua mtaro bila kuitwa. Watu wakigombana, hao ndio huamua, mimi hata sisikii. Watoe wote, kuta zitang'aa, na taka za wageni utazibeba wewe.

Nasaha yangu ni hii: tengeneza chumba kimoja kimoja, na mpangaji wake arudi humo humo. Kabla ya kumtoa mtu, uliza ni kitu gani kitakwama asipokuwepo. Nguvu za kukuzuia sina tena.

Mungu akupe subira niliyoikosa, na nyumba zako zikae na watu wanaokuombea mema. Haya, nenda ukawaambie leo, mwanangu, maana tangu jana wanafunga mizigo.