Maua ya Saa Nne Juu ya Kaburi la Mama

Mama hakutaka saruji. Alilisema waziwazi alipoanza kuumwa, tumekaa nyuma ya nyumba yetu Kirewa, karibu na kaburi la baba lililosakafiwa kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mwoneni baba yenu," alisema. "Mvua yote hii inanyesha, yeye hapati hata tone. Mimi msinifanyie hivyo." Tukacheka. Nilicheka na mimi, lakini neno lile nililishika.

Tulimzika kwa udongo mtupu, kama alivyotaka. Mvua zilipoanza, tuta la kaburi likaanza kuliwa. Kiwanja chetu kina mteremko, na maji yakishuka kutoka kwa jirani hayaulizi njia. Upande wa miguu ukachimbika mfereji. Kaka yangu ni mtu wa Tororo kwelikweli, huko kwenye viwanda vya simenti; kila tatizo kwake lina jibu la simenti. Akasema tusidanganyane: Pasaka akikuta kaburi bado linabomoka, anakoroga zege. Sikumlaumu, maana naye aliogopa mama asije akachukuliwa na maji. Ila niliapa moyoni kwamba zege hilo halitamwagwa nikiwa hai.

Busia ninakoishi, mbele ya kanisa moja, kuna maua yanayotambaa chini kwenye kokoto, penye jua kali la kuanikia mihogo. Vijani vyake ni vyembamba lakini vinene, vimejaa maji. Maua yenyewe ni mekundu, ya manjano na ya waridi. Jina lake la kitabuni silijui. Sisi tunayaita maua ya saa nne, kwa kuwa asubuhi yamefumba, yanangoja jua lichome ndipo yafunguke. Kilichonivutia ni kwamba yakishatanda, matone ya mvua hayafiki kwenye udongo. Nikaomba matawi machache, nikayapeleka Kirewa.

Mara ya kwanza niliyaua kwa mapenzi. Niliyatilia samadi ya ng'ombe, nikayamwagilia asubuhi na jioni kama sukuma wiki, yakaoza yote. Kaka akanitania kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamwambia mimi si mshindani, mimi ni mtoto wa mama. Nikarudi Busia kuomba mengine. Safari hii nilichanganya udongo na mchanga na changarawe, nikamwagilia kidogo mpaka yaliposhika, kisha nikayaachia jua. Yakaanza kutambaa. Nikajisifu mapema.

Kabla ya Krismasi shangazi alisafisha makaburi. Shangazi ni dada wa baba, nyumba yake inatazamana na yetu, na kwake kaburi safi ni lile lililolimwa mpaka udongo ukabaki uchi. Alikuja na jembe alfajiri, kama watu wote wanavyolima, akang'oa kila kijani alichokiona. Nilipofika kutoka Busia, maua yalikuwa yamerundikwa kando, yamenyauka.

"Kaburi iko na majani, watu nasema huyu mama hakuzaa," aliniambia kwa Kiswahili, lugha aliyozoea kuzungumza na mama, maana mama alikuwa Msamia wa Lumino, si wa kabila letu. "Mimi nalima kwa sababu yenu, wewe nakasirika?"

Nilikasirika, tena sana. Nililia kwa hasira jikoni, peke yangu, kwa sababu mtu anayekuharibia kazi kwa upendo huna pa kumpiga. Kisha nikapanda tena. Kiangazi chote nilienda na kurudi. Mvua za Machi zikaja na kelele zake zote, na mkeka ule wa majani ukatulia pale juu ya mama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mapambazuko, nilimwona shangazi anakuja na jembe begani. Nikatoka mbio, nikaenda kukaa chini, miguuni pa kaburi.

"Toka hapo, mtoto wangu."

"Sitoki, shangazi. Ngoja saa nne."

"Saa nne jua itaniua."

"Nitakuletea kiti."

Alinitazama kama aliyeona kichaa, lakini kiti alikikalia, jembe mapajani. Kaka akaja, mswaki mdomoni, akainama kuutafuta ule mfereji wa miguuni. Hakuupata. Akabonyeza udongo kwa kidole, akaona ni mgumu, akaondoka. Punde nikamsikia akiburuta mifuko ya simenti kuirudisha stoo. Nilitaka kupiga vigelegele, ila shangazi alikuwa bado ana jembe.

Jua likapanda, shingo ikaanza kuniwaka. Ua moja jekundu likafunguka, likafuata la manjano, halafu nikashindwa kujua nitazame wapi. Shangazi akasimama polepole. Maisha yake yote alikuwa shambani alfajiri na nyumbani jua likichoma, kwa hiyo maua yale alikuwa hajapata kuyaona hata mara moja. Alikuwa akiona magugu tu.

"Kumbe iko kama wifi yangu," alisema. "Hata yeye, jua bila kupanda, haamki."

Miaka yote mama alisemwa kwa kulala sana, na mawifi waliomsema, yeye shangazi ndiye alikuwa kiongozi wao. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akafuta macho kwa kanga, na mimi nikalia naye, maana tangu tumzike sikuwa nimewahi kumwona akimlilia.

Akalilaza jembe nyasini. Akapiga magoti, akaanza kuchambua nyasi katikati ya maua, moja moja, kwa vidole.

"Sasa toka hapo," aliniambia bila kuinua kichwa. "Umemkalia miguu."